Mlango Juu ya Gari

Askari alilizunguka gari letu mara moja, akainua macho kwenye keria, kisha akarudi dirishani kwa dereva.

"Mnahama?"

"Hatuhami, afande. Hawa ni waigizaji."

"Na mlango ule ni wa nini?"

"Wa kubamiza."

Ilibidi mwelekezi wetu ashuke amweleze kwamba tamthilia ya Henrik Ibsen, A Doll's House, humalizika mke akimwacha mumewe, na mtazamaji sharti ausikie mlango ukifungwa. Bila mlango hakuna mwisho. Afande alisikiliza yote, halafu akauliza kama yule mke alirudi. Mwelekezi akamwambia Ibsen hakuandika. "Haya, piteni," akasema, ila usoni ungejua jibu halikumtosha.

Huo ulikuwa muhula wa pili wa mwaka 2019, nasi tulikuwa njia ya Mwingi, watu saba na dereva katika matatu ambayo viti vya nyuma viling'olewa kupisha maleba, spika na ngoma. Asubuhi tulicheza Kigogo ya Pauline Kea, na baada ya chakula cha mchana tukacheza Ibsen. Vyote viwili vilikuwa vitabu teule vya kidato cha nne, na ndiyo sababu shule zilituita. Waliotutangulia katika kazi hii walikuwa watu wa vyuo. Makerere walikuwa na kundi lao la kuzunguka katikati ya miaka ya 1960, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha lake mwaka 1974, tena la bure. Sisi tulitoza shilingi mia moja kwa kila mwanafunzi, na hatukuwa tukieneza sanaa ya ukumbini kwa umma. Tulikuwa tukiwasaidia watoto kupita mtihani. Karatasi ya Tatu ya Kiswahili ina alama 80, kwa hiyo wanafunzi waliingia bwaloni na kitabu kwapani, kalamu mkononi, na kila tulipozungumza walifuata kwa kidole. Ukiruka sentensi moja unasikia mnong'ono ukitoka safu ya mbele hadi dirishani: ameruka, ameruka.

Ukitaka kuijua sanaa hii, ijue kwanza kwa pua. Bwalo la shule saa tatu asubuhi linanuka uji ulioungua, na saa nane linanuka githeri. Jukwaa ni meza nane za kulia chakula zilizosukumwa pamoja, na usipoangalia utaacha kisigino kwenye mwanya. Mti wa Krismasi wa akina Helmer, wale mume na mke wa Ibsen, tulikuwa tukiukata kwenye ua wa shule. Kwenye baridi ilikuwa saiprasi, lakini Ukambani tuliupamba mwarobaini kwa karatasi za msalani na hakuna aliyelalamika. Nora, yule mke, katika kitabu hula makaruni kwa siri. Sisi tulimpa mandazi, maana siri ya mandazi inaonekana hadi safu ya nyuma.

Garini tuliitana kwa majina ya Sagamoyo, jimbo la mchezo wa Kigogo. Aliyecheza Majoka, yule dikteta, ndiye aliyekuwa mpole kuliko sote. Alitembea na chupa ya chai, na hakula kabla ya kuomba. Mimi nilikuwa Sudi, mchongaji vinyago, na mchana nikavaa koti nikawa Torvald Helmer, meneja wa benki. Mwenzangu alikuwa Ashua asubuhi na Nora mchana. Kwa hivyo ndoa yangu ilivunjika mara mbili kwa siku. Kwenye saa nne hivi Ashua, akiwa seli, alinidai talaka, na kufikia saa kumi Nora alivua pete akaondoka. Nje ya jukwaa aliniita Baba Pili, kwa jina la mtoto wetu wa kitabuni, nami nilimwita Mama Pili.

Kazi yangu ya tatu ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa mweka hazina. Kila usiku, gesti, tulikaa kitandani kwangu nikagawa fedha. Kwanza niliondoa mafuta ya gari, kisha chakula na vyumba, kilichobaki tukagawana, kila mtu akatia sahihi katika daftari langu la mistari. Nililipenda daftari hilo kupita kiasi. Kuna utamu fulani katika kumkata mtu fedha huku ukimwonyesha mahali alipotia sahihi.

Tulipokuwa Kitui leso ilipotea. Ilikuwa ya Ashua, naye Nora aliivaa mchana kwa ngoma yake ya tarantela. Kanuni ilisema aliyepoteza kifaa atakilipia, na leso ni shilingi mia tatu. Mama Pili alisema aliiacha mahali pake. Nami sikumkata tu, nilimhutubia. Mbele ya watu wote nilizungumza juu ya uwajibikaji, juu ya kundi dogo linavyokufa kwa uzembe mdogo mdogo, nikatoa na mfano wa boriti na mchwa. Alizichukua zilizobaki bila kuzihesabu. Tangu usiku huo sikuwa tena Baba Pili. Nilikuwa "Mweka Hazina", na hata hilo alilisema kupitia kwa Majoka.

Siku ya tatu, tukiwa Wote, niliinua ngoma kuipeleka bwaloni nikahisi kitu laini ndani yake. Kabla sijakivuta nilishakumbuka. Barabara ya Kitui ilikuwa imeitikisa ngoma ikatupigia kelele njia nzima, nami nilikuwa nimeshika kitambaa cha kwanza kilichokuwa karibu nikaisindilia. Kwa mkono wangu mwenyewe. Nilichungulia huku na huku. Kisha nikairudisha leso ndani, nikaisukuma mpaka chini kabisa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Mia tatu ningeweza kuzitoa mfukoni papo hapo. Lakini nilikuwa nimetoa hotuba, na hotuba huwezi kumrudishia mtu mkononi mwake. Kadiri siku zilivyopita riba ikapanda, kwa kuwa sasa ningepaswa kueleza leso, na hotuba, na zile siku mbili, halafu tatu, halafu nne za kujua na kunyamaza.

Kununa kunataka nafasi. Nyumbani ukikasirika unatoka nje ukaangalia migomba, au unaenda kwa jirani ukakaa mpaka jioni. Katika matatu magoti yako yako mgongoni mwa mtu uliyemnunia, na dirisha lake likifunguliwa ni wewe unayekula vumbi. Karanga zilinifikia kwa kupitia mikono mitatu. Watu walianza kubadilishana viti bila kusema sababu, na dereva wetu, mzee aliyezoea kutusimulia habari za barabara, akafungua redio. Nilidhani ule ni ugomvi wetu wawili. Kumbe tulikuwa tumewalipisha wote nauli yake.

(Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, gari liliegeshwa na kila mtu akarudi kwao. Majoka aliuza mayai. Mimi nikawa na chumba kizima na siku nzima ya kununa nipendavyo, nikakuta sina wa kumnunia.)

Ajabu ni kwamba tukiwa jukwaani tuliongea kuliko watu wanaopendana. Muda wa saa mbili asubuhi na wa saa mbili mchana, ana kwa ana, na hakuna kati yetu aliyeweza kuondoka. Maneno yalikuwa ya Pauline Kea na ya Ibsen, lakini sauti zilikuwa zetu. Katika onyesho la seli Ashua alikuwa akilia kwa uchovu wa umaskini. Sasa alinitazama akalisema neno talaka polepole kama mtu anayesoma risiti. Mwelekezi alifurahi. Alituambia mbele ya wenzetu kwamba hatimaye tumeacha kuigiza. Jamaa yule alikuwa na macho makali kwa taa na mavazi, ila binadamu walimpita.

Mchana ulikuwa mbaya zaidi. Helmer huchukia madeni, na mapema kabisa katika mchezo humhubiria mkewe juu ya nyumba inayoishi kwa mkopo. Hajui kwamba mke huyo alikopa, tena akaghushi sahihi ya baba yake mzazi, ili kumpeleka mumewe Italia akapone. Siri inapofichuka anamtukana. Hatari inapoondoka, anamsamehe kwa moyo mkunjufu. Anamsamehe! Kwa miezi nilikuwa nimemcheza kama mpumbavu, na wanafunzi walicheka. Lakini kuanzia Mtito Andei, nikisimama pale natoa msamaha huku leso imelala ndani ya ngoma hatua tatu kutoka kwangu, sikuweza tena kumfanya kichekesho. Nilimwelewa. Helmer haamini hata kidogo kwamba amekosa. Ana daftari safi, na sahihi za watu zimo.

Siku ya tisa tulipanda milima ya Taita, Mwatate kuelekea Wundanyi, kona juu ya kona, mlango ukilia kwenye keria. Ilikuwa shule ya wasichana, ukungu madirishani, watoto wamejikunja ndani ya sweta. Tukafika seli. Ashua akadai talaka yake, akatulia mahali ambapo kitabu hakitulii, kisha akasema:

"Na mia tatu zangu, Sudi, utanirudishia lini?"

Nilisikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kabla wala baada ya hapo, ya bwalo zima likifungua kurasa kwa pamoja. Zilipekuliwa mbele, zikarudishwa nyuma. Mwalimu wa Kiswahili alivaa miwani. Mwenzetu aliyecheza Tunu, tuliyekuwa naye pale seli, aligeukia ukuta mabega yakimtikisika.

Sudi alipaswa kujibu. Sudi, sio mimi, na pengine ndiyo sababu niliweza.

"Nitakurudishia," nikasema. "Leso niliipata."

"Uliipata lini?"

"Tulipokuwa Wote."

Wasichana hawakuujua mji, wakasikia neno. Tulipokuwa wote. Mmoja katika safu ya mbele alitoa mguno wa huruma, akaandika. Ashua alinitazama muda mrefu mno, halafu akarejea kwenye sentensi ya Pauline Kea kama mtu aliyeshuka ngazi gizani bila kujikwaa.

Mwisho wa onyesho kulikuwa na kipindi cha maswali. Mkono wa kwanza ukainuliwa: zile mia tatu ziko ukurasa gani? Mwelekezi akaanza kukohoa. Mkono wa pili: na zinaendeleza maudhui gani? Hakuna aliyenena. Kisha Majoka, akiwa bado na fimbo yake ya utawala, akasema kwa ule upole wake, bila kuangalia upande wangu:

"Ufisadi."

Kalamu zote zikainama. Mwelekezi akaruka mbele akipunga mikono. "Futeni! Futeni hiyo, haitatahiniwa!"

Mchana huo Nora aliubamiza mlango hadi bawaba ya juu ikang'oka, ikaruka ikaanguka miguuni mwa mwalimu mkuu. Wasichana walisimama wakapiga makofi dakika nzima. Wenzetu walipakia vitu, wakatuacha nyuma ya bwalo tuutengeneze, maana aliyevunja kifaa hukitengeneza, na mwenye bisibisi nilikuwa mimi. Giza lilikuwa linaingia. Yeye aliukinga mlango kwa bega lake, mimi nikabana tochi ya simu kwa meno nikitafuta tundu la skrubu. Hatukusema kitu. Nilipomaliza skrubu ya pili niliitoa simu mdomoni, nikabonyeza, nikaandika, nikatia nambari ya siri. Simu yake ikalia mfukoni.

Aliusoma ujumbe bila kuondoa bega.

"Mia tatu kamili?"

"Kamili."

"Na ya kutoa?"

Nikatuma na ya kutoa. Simu ikalia tena. Akaitia mfukoni, akausukuma mlango ukanyooka.

"Haya kaza hiyo ya chini, Baba Pili. Baridi inaniua."