Chambo cha mjomba

Mimi ni mtoto wa Mwanza, lakini usinipe ndoano. Hilo nililijua siku nyingi, ila mwezi uliopita nimelithibitisha mbele ya mashahidi.

Nilikwenda nyumbani likizo ya siku sita. Mjomba wangu anaishi upande wa Kayenze, na yeye ndiye aliyenilipia ada kuanzia kidato cha kwanza hadi cha sita. Alinilipia kwa sangara. Si sangara wa nyavu, jamani, yeye ni mtu wa ndoano: kamba ndefu inatandazwa ziwani jioni, ndoano zinaning'inia moja moja, kila moja na chambo chake, halafu alfajiri mnakwenda kuvuta. Basi mimi, mwandishi wa habari wa mjini, nikaona nisiende mikono mitupu. Nikamnunulia Dar samaki wa plastiki, wale wanaometameta wenye ndoano tumboni. Nikamwambia, "Mjomba, hiki ni chambo cha kisasa, hakiozi." Akakigeuza geuza, akacheka mpaka akakohoa, akakitundika kwenye msumari juu ya redio. Mpaka naondoka kilikuwa pale pale.

Ana haki ya kucheka. Samaki wa plastiki anataka mtu wa kumvuta vuta ili aonekane anaogelea. Kamba ya mjomba inalala majini usiku kucha, hakuna wa kuitikisa. Chambo lazima kijitikise chenyewe.

Ndiyo maana anapenda kambare mdogo, au mumi kama tunavyomwita sisi watu wa ziwa. Kambare ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo ukimweka kwenye ndoo yenye maji kidogo anakaa hai muda mrefu. Ukimtoboa vizuri kwenye nyama ya mgongoni, bila kugusa uti, anapambana na ndoano hadi asubuhi, na mapambano yale ndiyo yanayomwita sangara. Furu naye ni mtamu kwa sangara, tena ni chakula chake cha asili, lakini roho yake nyepesi, anakufa mapema. Dagaa ni laini mno, anachomoka. Nyungunyungu mwachie mtoto anayetafuta sato au furu pale kwenye mawe. Shida ya kambare ni bei. Lazima wafuatwe kwenye mabwawa na matete, na upande wa Kenya kuna watu wanaozalisha vifaranga vyake makusudi ili wavuvi wapate chambo.

Hapo ndipo tulipogombana, kwa adabu lakini.

Mjomba alikuwa na usiku wa tatu hajapata kitu cha maana, na dukani alikuwa anadaiwa mafuta ya injini. Bado akataka kununua kambare wa urefu wa kiganja. Nikamwambia, mjomba, watoto wanauza furu wadogo pale kwa bei ya peremende, chukua hao, angalau upate chochote. Akasema, "Chambo kidogo hakichagui mlaji." Nikamwomba anifafanulie. Sangara mkubwa anaweza kula furu mdogo, sawa, lakini wadogo ndio wengi, na wao ndio watakaofika kwanza. Kambare wa kiganja hamezwi na mdomo wa mtoto.

Sasa ndugu msomaji, mimi sikuwa mgeni wa jambo hili. Sangara wa chini ya sentimeta 50 haruhusiwi kuvuliwa, na nimeandika habari ngapi kuhusu hilo! Wakati wa Operesheni Sangara ya 2018 niliandika juu ya nyavu haramu kuchomwa moto, nikaweka takwimu, nikaweka kauli za wakubwa. Sikumuuliza mvuvi hata mmoja anatumia chambo gani. Na siku ile, kwa sababu deni lilikuwa la mjomba wangu, nikashika bango la furu wadogo.

Akanikubalia nusu nusu. Katika ndoano 300 akanipa 40 niweke nitakacho.

Nikiwatoboa wale furu nilikuwa naona aibu kidogo, kusema kweli. Ziwa hili lilikuwa na aina za furu zaidi ya 500. Sangara akapandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi zilikuwa zimetoweka. Sangara hakuzimaliza peke yake, maji nayo yalichafuka. Baadhi zimerudi tangu miaka ya 1990. Mjomba anasema utotoni mwake furu walikuwa wa kutupa. Sikutaka kufikiria sana, nikaendelea kutoboa. Kidole nacho nikakitoboa.

Alfajiri tukavuta. Sehemu yangu ikatoa sangara saba. Nikapiga kelele za furaha, ndiyo, nilipiga. Mjomba hakusema neno. Kafi lake lina alama aliyochonga mwenyewe kwa kisu, akawa anamlaza samaki pale, anamwangalia, anamrudisha majini. Hakuna aliyefika alama, hata wa kuikaribia. Wanne waliondoka wakiogelea. Watatu walikuwa wamemeza ndoano hadi tumboni, hao wakaelea.

Sehemu yake, ndoano 260, ikatoa sangara mmoja wa sentimeta sabini na kitu. Mmoja tu. Kambare waliokuwa bado hai akawachomoa kwa upole, akawarudisha kwenye ndoo kwa ajili ya jioni.

Mwaloni kuna jamaa wa baiskeli ambaye kila mtu anajua ananunua nini. Akachungulia mtumbwi wetu, akawaona wale watatu, akataja bei. Bei haikuwa mbaya. Mjomba akajibu, "Hawa si wa kuuza. Amewaua huyu, atawala huyu."

Nikawala. Shangazi aliwapika na nyanya, na miiba yao ilikuwa myembamba kiasi kwamba nilikuwa natema kila tonge. Mjomba alikula maharage.

Sangara mmoja alipunguza deni, hakulimaliza. Mchana nikatoa pochi nilipe kilichobaki. Mjomba akaniangalia kwa muda mrefu, nikairudisha mfukoni mwenyewe. Akasema kama nina hela za kuchezea, kambare wa jioni hawatoshi.

Saa kumi jioni nikapanda pikipiki hadi kwa yule mama anayewauza, ndoo ikiwa mapajani. Akaniuliza nataka wadogo au wa kiganja, wadogo ni nafuu. Nikahesabu 60 wa kiganja, na njia nzima kurudi walikuwa wananirushia maji kwenye suruali.