Kikokotoo kipya na Mama Hazina

Leo sina mahubiri, nina kuungama.

Mnakikumbuka kile kikokotoo cha zamani cha ofisini, chenye vitufe vinene vilivyofutika namba. Kilipozima kabisa mwezi uliopita, nilienda mjini mwenyewe nikanunua kingine, shilingi mia sita. Kizuri kwa macho: chembamba, rangi ya fedha, kioo kikubwa. Nilikileta kanisani kama mtu aliyenunua gari.

Shida ni vitufe. Ni bapa, havizami ukibonyeza, havitoi hata mlio. Huwezi kujua kama kimekubali hadi utazame kioo. Sifuri ndiyo msumbufu zaidi: ukiigusa polepole haiandiki, ukiikaza inajiandika mara mbili. Na namba zimechapwa kijivu juu ya fedha, eti urembo! Sisi wa miaka arobaini na kitu tunajua hiyo ni nini taa ikiwa hafifu.

Jumapili iliyopita tulihesabu sadaka kama kawaida. Mama Hazina anahesabu noti na kutaja, mimi nabonyeza, mashemasi wawili wanashuhudia. Yeye pia huandika kitabuni kwa penseli. Mwishoni kitabu chake kilisema 52,345. Kikokotoo changu kilisema 78,445.

Hapa ndipo nilipoanguka. Sikusema "turudie". Nilisema, "Mama, hizi elfu ishirini na sita ziko wapi?" Mbele ya mashemasi. Mama aliyeshika hazina tangu tulipokuwa tukiabudu chini ya hema.

Hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa leso, akatoa hesabu kwa penseli: tofauti ni 26,100. Akaigawanya kwa tisa, akapata 2,900. "Pasta, tafuta ni wapi tulikuwa na elfu mbili mia tisa."

Zilikuwa noti za hamsini, 58. Mimi nilikuwa nimezidisha 58 kwa 500.

Kumbe sifuri moja ikizidi au ikipungua, tofauti hugawanyika kwa tisa bila salio, na jibu linakuelekeza kosa lilipo. Alijifunza hilo akifanya kazi ya duka. Mimi chuo cha Biblia hawakunifundisha.

Nilimwomba msamaha mbele ya mashemasi wale wale. Alisema yameisha. Lakini chai tunayokunywa pamoja baada ya hesabu hakuinywa. Alichukua mkoba akaenda.

Jumatano mimi na mama mchungaji tulimfuata nyumbani. Tulikaa sana, na kuna wakati hakuna aliyesema kitu. Alipotusindikiza hadi langoni ndipo alipocheka: "Na hicho kidude chako, Pasta, usikirudishe ofisini."

Sijakirudisha. Jumapili hii tunahesabu kwa penseli, na anayehesabu ni yeye. Aliye na kikokotoo kizee nyumbani, chenye vitufe vinavyozama na kulia, atuletee.