Jembe, Gunia na Kadeti

Nilisoma shule ya msingi Morogoro miaka ya 1980. Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967, bado ilikuwa na nguvu, na shule yetu ilikuwa na shamba. Nia ilikuwa njema: mtoto ajue kuzalisha chakula chake. Lakini kwetu jembe lilikuwa fimbo. Aliyechelewa namba alilima. Aliyepiga kelele darasani alilima. Hatukuelezwa kwa nini mchicha unataka samadi iliyoiva, wala kwa nini tuta hukingama mteremko. Tulilima sana, tukajifunza kidogo.

Mavazi nayo yalikuwa na fedheha yake. Nguo madukani zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na biashara ilipolegezwa katikati ya miaka hiyo, mitumba ikaanza kumiminika. Tuliiita kafa Ulaya. Wazazi wetu waliivaa, ila hawakupenda kuulizwa wameinunua wapi.

Leo vijana wanalipia kufundishwa kile tulichokikimbia. Mji huu wa Morogoro una Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, na shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, lililoanza mwaka 2011, linafundisha kilimo hai katika kituo chake cha Vianzi. Mtaani kwetu anafundisha bwana shamba mstaafu, uani kwake. Anaanza na gunia. Kopo lisilo na kitako linasimamishwa katikati na kujazwa kokoto, pembeni unamwagwa udongo uliochanganywa na samadi, kisha kopo linavutwa juu na kujazwa tena, mpaka gunia lifike shingoni. Kokoto hizo ndizo zinazopeleka maji hadi chini. Ubavuni hutobolewa matundu, yakapandwa sukumawiki na spinachi. Hakuna anayeruhusiwa kutazama tu. “Shika udongo, mwanangu,” anasema, “ukubane. Ukitoa maji, umezidisha.”

Wanafunzi wake wengi huja wamevaa suruali za kadeti za mtumba, nao huzichagua kwa makini mnadani. Suruali hugeuzwa ndani nje, mshono wa kati ukavutwa kwa vidole, magoti yakaelekezwa kwenye jua kuona kama kitambaa kimelika. Ikiwa ya pamba nzito na mishono miwili, fundi cherehani hupunguza kiuno, na nguo ya kazi imepatikana. Suruali mpya nyepesi za bei rahisi huchanika mtu akichuchumaa tutani.

Kilichobadilika ni heshima. Kijana wa leo amechagua mwenyewe, na anajua sababu ya kila anachofanya. Ndiyo maana bustani yake inaendelea mafunzo yakiisha, wakati shamba letu la shule lilijaa magugu kila likizo.

Walimu wakuu, liondoeni jembe kwenye orodha ya adhabu. Mpeni mtoto gunia, samadi na maelezo, naye atakula alichopanda.