Göppingen, mji ambao treni huvalishwa raba

Ukimwambia kijana wa Dar kwamba unakwenda Ujerumani, atakuuliza habari za Benz, bia na kandanda. Haya, safari hii tuyaweke hayo pembeni. Nakupeleka Göppingen, mji wa kusini ulio kiasi cha kilomita 40 kutoka Stuttgart, ambako watu wazima na ndevu zao hucheza treni juu ya meza, na hakuna anayewacheka.

Kufika si kazi. Unapanda treni Stuttgart kuelekea Ulm, unalifuata bonde la mto Fils, na kabla usingizi haujakukolea umeshashuka. Kwa mbali utauona mlima Hohenstaufen wenye mita 684, umesimama peke yake kama kichuguu. Dada yangu ameolewa huko, nami nilikwenda kumsalimia kwa wiki mbili.

Jina la mji huu limebebwa na kampuni ya Märklin. Mwaka 1859 fundi bati aliyeitwa Theodor Märklin alianza kutengeneza vyombo vya jikoni vya kuchezea wanasesere. Alipofariki, mjane wake Caroline akaishika biashara isife. Mwaka 1891 watoto wao wakapeleka kwenye maonyesho ya Leipzig treni ya kujaza ufunguo kama saa, ikikimbia juu ya reli zake. Mwaka 1935 zikaja treni ndogo za umeme za kutosha mezani. Siku hizi saizi hiyo ni moja kwa 87, yaani treni ya kweli imegawanywa mara 87.

Sasa msomaji wangu, ndani ya nyumba ya dada nilikuta kesi. Baba mkwe wake, mzee wa miaka sabini na kitu, ana kichwa cheusi cha treni ya mvuke alichopewa na baba yake mwaka 1964. (Nasema kichwa cha treni, si cha mzee.) Anataka kumrithisha mjukuu wake, ambaye ni mpwa wangu wa miaka saba. Tatizo, ukikiwasha kinanguruma, magurudumu yanazunguka fasta, lakini chenyewe kimeganda pale pale. Ukikifungia mabehewa matatu ndio basi kabisa. Mpwa wangu alishakitolea hukumu.

"Mjomba, hiki kimekufa," aliniambia, akarudi kwenye mchezo wake wa kompyuta.

Mzee alisikia. Hakusema neno, ila uso wake uliniumiza. Fikiria, kitu ulichokitunza miaka yote hiyo, unampa mjukuu, naye anakiona takataka!

Dada akawa mkalimani wetu. Mzee alikigeuza kichwa chali juu ya kipande cha sponji, akanionyesha. Treni ya kweli ina chuma juu ya chuma, na uzito wa tani kwa tani ndio unaoibana kwenye reli. Hii ya mezani ina gramu mia chache tu. Kwa hiyo baadhi ya magurudumu yake huchongwa mfereji mwembamba pembeni, humo likavalishwa pete la mpira ili gurudumu lishike reli. Mimi nikaliita raba, maana ndivyo nasi tunavyofanya tukitaka kukimbia bila kuteleza.

Nikauliza, kwa nini magurudumu yote yasivae? Mzee akacheka. Kwenye treni hizi umeme huingia kwa kisahani kilicho chini ya tumbo, kisha hurudi kupitia magurudumu na reli. Mpira haupitishi umeme. Ukiyavalisha yote, treni inazimika. Lazima mengine yabaki pekupeku.

Raba za kichwa hiki zilikuwa kipara. Moja imekauka na kupasuka, nyingine imelainika kwa oili iliyovuja kutoka kwenye gia. Mpira ni kama binadamu, miaka na mafuta mengi vinaumaliza.

Jumapili mzee alitupakia kwenye gari, mpaka Geislingen, kilomita kama 20 kutoka pale. Alitaka tuone utelezi wa kweli. Hapo reli ya kwenda Ulm inapanda mlima tangu mwaka 1850. Kila mita 1,000 unazokwenda, unapanda zaidi ya mita 22. Kwa macho ya mwenye daladala hicho si kilima, lakini kwa treni ni balaa. Treni nzito za mizigo zilizoea kupewa kichwa kingine cha kusukuma kutoka nyuma, na vichwa vikubwa hubeba mchanga wa kumwaga mbele ya magurudumu yasiteleze. Treni nyingi za kasi zimehamia njia mpya iliyofunguliwa Desemba 2022, lakini ile ya zamani ingali hai. Mpwa wangu alisimama kwenye uzio akitazama behewa baada ya behewa likipanda, mdomo wazi. Kompyuta haikutajwa siku hiyo.

Jumatatu tukaenda dukani. Nilidhani tutaambiwa, "Mzee, hiyo ya zamani, spea hakuna." Wapi! Muuzaji aliuliza namba ya kichwa, akapekua kitabu chake, akatuletea kipakiti cha raba kumi. Bei yake ni kama ya kikombe cha kahawa. Kumbuka kampuni hii iliingia kwenye ufilisi mwaka 2009, na mwaka 2013 ikachukuliwa na wenye kampuni ya midoli ya Simba Dickie. Imebadili wenyewe, lakini raba ya kichwa cha 1964 bado ipo.

Kazi yenyewe tuliifanya jioni, na nakupa utaratibu. Kwanza legeza skrubu ndogo inayoshika fito za kuunganisha magurudumu, zisogeze, na ukumbuke zilivyokaa. Toa raba ya zamani kwa sindano. Safisha mfereji kwa kijiti cha meno na spiriti, mafuta yote yatoke. Hakikisha saizi. Kubwa itachomoka, ndogo itakatika. Ingiza upande mmoja wa raba ndani ya mfereji, kisha uizungushe taratibu kwa bisibisi butu. Usiivute sana, na gundi usiiguse. Mwisho pitisha kijiti chini ya raba mzunguko mzima, ili isijipinde ikafanya treni ichechemee.

Mikono ya mzee inatetemeka. Raba ya kwanza ilimrukia mara tatu, tukaitafuta kwenye zulia na tochi ya simu. Nilinyoosha mkono nimsaidie, dada akanikanyaga mguu chini ya meza. Kumbe alikuwa anamwangalia mwanawe. Mtoto alikuwa ameshasogea, na vidole vyake vyembamba vilikuwa saizi ya kazi hiyo. Babu alishika kichwa, mjukuu akavalisha. Ya kwanza, kisha ya pili. Sikuelewa Kijerumani walichokuwa wakisemezana, wala dada hakutafsiri.

Kikawekwa relini. Mabehewa matatu, kisha matano, kwenye kilima cha mbao walichokitengeneza kwa vitabu. Kilipanda mpaka juu bila kusita. Mpwa wangu akaomba kiongezwe la sita. Babu mtu alijifanya anafuta miwani.

Wajerumani ndio waliokuja kujenga Reli ya Kati, kuanzia Dar mwaka 1905 mpaka Kigoma mwaka 1914, kwa jasho la babu zetu, kwa hiyo sisi na treni zao tunajuana kitambo. Lakini somo nililorudi nalo si la reli, ni la spea. Bongo mafundi tunao, tena wakali. Nenda Kariakoo uone mtu anavyofufua simu iliyoanguka chooni. Kinachotushinda ni pale kiwanda kinapoamua kwamba kitu cha miaka mitatu ni cha zamani. Fundi bila spea atafanya nini?

Basi ukienda kununua kitu, chochote kile, usiishie kuuliza bei na rangi. Uliza na raba yake itapatikana wapi ikiisha. Muuzaji akianza kuleta longolongo, aga uondoke. Tuonane wiki ijayo.