Mpya ya Bei Chee au Mtumba wa Ofisini? Hesabu za Laptopu Kutoka Matamba

Nimekuwa kimya wiki tatu na baadhi yenu mmeshaanza kuuliza kama baridi ya huku Makete imenigandisha vidole. Hapana, vidole vizima. Kilichoganda ni kompyuta. Ile laptopu yangu ya tangu chuo imekata roho baada ya kunitumikia miaka sita, na tangu hapo naandika kila kitu kwa simu, pamoja na haya mnayosoma. Wanaolipwa kwa habari iliyochapishwa, si kwa mwezi, wanajua maana yake. Siku bila chombo cha kazi ni siku ya njaa.

Najua kuna atakayesema: mbona siku hizi waandishi wengi wa mikoani wanatuma habari kwa WhatsApp? Ni kweli, nami natuma. Habari ya aya nane kuhusu ufunguzi wa zahanati, simu inatosha sana. Lakini jaribu kusoma ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kwenye kioo cha simu! Ikishawekwa mezani bungeni mwezi wa nne, lile juzuu la serikali za mitaa peke yake linakuwa na mamia ya kurasa, na majedwali yake ni mapana kama mkeka. Mimi humo natafuta Makete, Wanging'ombe, Ludewa na Njombe, safu kwa safu. Kwa simu ukiiona safu ya kushoto umeshaipoteza ya kulia. Habari zenye uzito ndizo zimo mle, na ndizo zinazolipa kidogo zaidi. Kwa hiyo wadau, laptopu kwangu si pambo. Ni jembe.

Sasa tuje kwenye pesa. Kibindoni nina laki sita na nusu. Nusu yake ni malipo ya habari za miezi minne, na nusu nyingine ni fungu langu la viazi tulivyolima kwa ubia mimi na mama. Mama aliponiona nazihesabu akauliza, "Baba, hiyo mashine ukiifukia itaota?" Nikamjibu, "Itaota mama, ila mavuno yake ni ya vipande vipande." Akanyamaza kidogo, kisha akatoa sharti: mvua za kupandia zikianza, pesa ya mbolea iwe imerudi. Huo ndio mkataba wetu. Nikinunua mashine itakayonisumbua, shamba linakosa mbolea. Ndiyo maana nimekaa nikapiga hesabu badala ya kukimbilia dukani.

Kwa pesa hiyo nimeonyeshwa mashine mbili, na bei zao hazipishani hata elfu thelathini. Ya kwanza ni mpya kabisa, ipo ndani ya boksi na nailoni yake: prosesa ya Intel Celeron N4020, RAM gigabaiti 4, hifadhi gigabaiti 64. Ya pili ni ThinkPad T480, toleo la mwaka 2018, mtumba uliokarabatiwa: prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nane, RAM gigabaiti 8, diski ya SSD ya gigabaiti 256.

Wahenga walisema kipya kinyemi, kingawa kidonda. Wahenga haohao wakasema ya kale ni dhahabu. Ukiwasikiliza wote wawili huondoki dukani! Tuwaache wapumzike, tuangalie mashine zenyewe.

Tuitendee haki ile mpya kwanza. Betri yake haijachoka. Prosesa yake imeundwa kwa matumizi ya wati 6 hivi, wakati ile ya i5 ni wati 15, kwa hiyo kwa anayechaji kwa sola ndogo, au anayeishi mahali ambapo umeme ukikatika asubuhi unarudi usiku, si jambo la kubeza. Ni nyepesi. Haina historia usiyoijua. Na ina waranti ya mwaka mmoja.

Hapo kwenye waranti ndipo nilipokaa muda mrefu. Waranti ni neno tamu, lakini muulize muuzaji: mashine ikiharibika naipeleka wapi? Nilipouliza nikaambiwa Dar es Salaam. Sasa wanaoijua Matamba wanajua hadithi yake. Kwanza unashuka hadi Chimala kwa ile barabara ya kona 57, ukiomba Mungu na breki. Ukifika chini ndiyo unaanza safari yenyewe: Makambako, Iringa, Morogoro, hadi pwani. Ukiituma kwa basi unalipia mzigo, unasubiri, unapiga simu, unaambiwa fundi katoka. Kwa mtu wa Sinza waranti hiyo ni mali. Kwangu thamani yake imepungua kwa kila kona. Kinachonifaa mimi ni mashine ambayo fundi wa Makambako au Mbeya anaweza kuifungua kwa bisibisi na kuitengeneza siku hiyohiyo.

Na hapo ile mpya inaanza kupoteza. Katika laptopu nyingi za daraja hilo, na hii niliyoonyeshwa ni mojawapo, RAM imechomelewa kwenye bodi kuu, na hifadhi yake si diski unayoweza kuchomoa. Ni kile kifaa kinachoitwa eMMC, ndugu wa karibu wa hifadhi ya simu, nacho kimechomelewa humohumo. Kikifa, bodi nzima imekufa. Zaidi ya hapo, Windows 11 inadai walau RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64. Ziangalieni tena sifa za ile mashine mpya. Imesimama kizingitini kabisa! Windows ikishajitandaza na masasisho yake, nafasi ya picha, sauti za mahojiano na video inabaki ya kubanana. Fungua kurasa tano za mtandao, ripoti moja ya PDF na habari unayoandika, uone itakavyohema kama lori la viazi kwenye mlima.

Ile T480 je? Mashine za namna hii, pamoja na akina HP EliteBook na Dell Latitude, hazikutengenezwa kwa ajili ya rafu za dukani. Zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni na ofisi za Ulaya na Marekani, ambazo huzinunua au kuzikodi kwa wingi, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huzitoa zote kwa mpigo hata kama bado nzima. Ndipo zinaponunuliwa na wakarabati, zinafutwa, zinasafishwa, zinabadilishwa vilivyochoka na kuuzwa tena, nyingine zikipitia Dubai kabla ya kufika Kariakoo na kupanda huku kwetu. RAM yake iko kwenye nafasi mbili zinazofunguka. Diski inachomoka. Prosesa ina viini vinne, ile ya Celeron viwili. Tena ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomolewa, kiasi kwamba unaweza kubadilisha ya nyuma bila kuzima kazi. Kwa sisi wa umeme wa kusuasua, hiyo ni neema.

Lakini mtumba ni mtumba, na mbuzi anaweza kuwa ndani ya gunia. Nimeandika orodha yangu ya kwenda nayo, na nawapa bure.

Moja, kizazi cha prosesa. Masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Ndiyo maana T480 inapita, wakati ndugu yake T470 wa mwaka mmoja nyuma, ukimtazama kwa nje mapacha kabisa, anabaki mlangoni. Wauzaji wengi watakwambia "Core i5" tu na kunyamaza. Core i5 ya kizazi gani? Ukikuta ya kizazi cha sita au cha saba kwa bei ya kutupa, si lazima uikimbie, ila panga kuitumia na Linux. Wala Linux si mgeni kwetu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu 2004.

Mbili, betri. Usiulize "inakaa saa ngapi", kila muuzaji atasema saa sita. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha linganisha uwezo iliyozaliwa nao na uwezo iliyobaki nao. Ikiwa imeshapoteza nusu, omba punguzo la bei ya betri mpya.

Tatu, afya ya diski. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inaingia kwenye fleshi na inajibu kwa dakika moja.

Nne, ingia BIOS. Ikidai nywila na muuzaji haijui, rudisha mashine mezani, aga kwa heshima, ondoka. Hiyo ama haikuachiwa vizuri na ofisi yake au ina mwenyewe anayeitafuta.

Tano, chomeka chaja katika kila tundu inaloweza kuingia, jaribu sauti, kamera, bawaba za kioo na kila kitufe kimojakimoja.

Sita, kibodi, na hii wengi hawaitazami. Mashine zilizotoka Ujerumani zina kibodi ambayo Z na Y zimebadilishana viti. Kwa anayeandika Kiswahili ni balaa! Unaandika "nyumba" inatoka "nzumba", hilo utaliona. Lakini unaandika "kauli yake" inatoka "kauli zake", na msahihishaji hataona kitu maana nacho ni Kiswahili safi. Tayari umemzidishia mkuu wa wilaya maneno. Unaweza kuibadili kwenye mipangilio, ila herufi zilizochapwa juu ya vitufe zitaendelea kukudanganya. Iliyotoka Uingereza ni afadhali, na hata plagi yake ya miguu mitatu inaingia ukutani kwetu bila adapta.

Uamuzi wangu, wadau, ni T480, ilimradi ipite mitihani hiyo sita. Elfu thelathini na ushei zitakazobaki ni nauli. Sitaagiza kwa basi. Alhamisi nashuka mwenyewe hadi Makambako na fleshi yangu mfukoni, na mashine isipopita narudi na pesa za watu.

Simwambii kila mtu afuate njia hii. Mwanafunzi wa Dar anayetaka kuandika insha tu, anayebeba mkoba mwepesi kwenye daladala na kuishi jirani na duka lililomuuzia, ile mpya inaweza kumfaa vizuri. Ukitaka kujua upande wako, jiulize maswali mawili tu. Itakapoharibika, nani ataifungua na yuko umbali gani? Na kazi yako itakapokua, mashine itakua nayo au utanunua nyingine? Kwangu mimi majibu hayo yalimaliza ubishi kabla sijafika kwenye rangi na ung'avu.

Panapo majaliwa, waraka ujao utaandikwa kwa kibodi, tena yenye Y mahali pake. Wikiendi njema!