Kompyuta Isiyo Kwenye Orodha

Pale Moi Avenue, Nairobi, laptopu huuzwa kama mitumba. Imetumika Uingereza, ikapanguswa, ikapewa maisha ya pili. Yangu ni ThinkPad X250 ya 2015, ramu 8GB, diski ya SSD. Ndiyo jembe langu. Kila makala ninayouza hutoka humo.

Tarehe 14 Oktoba 2025, muda wa Windows 10 uliisha. Anayejiandikisha huongezewa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, basi. Windows 11 nayo ina masharti: kwa Intel, kwa kawaida ni prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, zilizoanza kuuzwa 2017, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Yangu ni kizazi cha tano, TPM 1.2. Haimo kwenye orodha.

Niliacha chuo kabla ya kuhitimu, kwa hivyo orodha zisizo na jina langu nazijua. Swali langu huwa moja: huu mlango una kufuli, ama umeandikwa tu "usiingie"?

Kwa kompyuta, kufuli ya kweli ipo. Toleo la 24H2 linahitaji prosesa inayoelewa maagizo ya SSE4.2 na POPCNT. Mashine za zamani sana hazina, na hapo hakuna ujanja. X250 inayo. Kilichoizuia ni maandishi.

Kwa hivyo nilihamishia faili zangu kwenye diski ya nje. Rufus, programu ya bure, iliniandikia Windows 11 kwenye flashi na kuniuliza kama iondoe ukaguzi wa TPM na Secure Boot. Nikakubali. Nikawasha mashine nikibonyeza F12, nikachagua flashi, nikangoja. Leseni ya zamani ilijitambulisha yenyewe. Waifai, sauti, kamera: vyote viko sawa.

Lakini masharti hayakuwekwa bure. TPM hulinda funguo za diski, ili mwizi akiichomoa asiisome. Na Microsoft imesema wazi kwamba mashine isiyokidhi masharti haina hakika ya kupata masasisho. Leo yanakuja, kesho hakuna wa kumlaumu. Ndiyo maana kila Ijumaa nanakili kazi za wateja kando.

Shangazi alipoona, akaleta yake. "Si uniwekee na mimi?"

"Shangazi, hii ina hesabu za chama."

"Kwani yako haina pesa?"

"Yangu ikikwama, nalala njaa peke yangu. Yako ina akiba ya watu."

Nilimwandikisha ule muda wa nyongeza, nikamwambia aanze kuweka kando pesa za kizazi cha nane, atafute kabla ya Oktoba. Alikubali, lakini aliniangalia kama mganga anayekunywa dawa yake mwenyewe na kumnyima mgonjwa.