Tulivyopanga skrini wenyewe kwenye mashine za zamani

Sisi tuko Kinama, huku Gasorwe, Muyinga. Siku hizi wengi wanapita kwenye chumba cha vijana, wanaona skrini zetu nyeusi, hakuna picha ya mlima, hakuna kitufe cha kubofya kule chini, wanauliza: “Mashine zimekufa?” Hapana, zinafanya kazi kuliko mwanzo. Leo tunaeleza tulichofanya, kwa nini tulikifanya, na kinamsaidia nini kijana ambaye yuko na saa moja tu kwa wiki mbele ya kompyuta.

Hali ilikuwa hivi. Tuko na mashine saba, tano za mezani na mbili za kubeba. Zilikuja kwetu zikiwa zimeshatumika miaka mingi ofisini. Tano ziko na memori ya gigabaiti 1, mbili ziko na gigabaiti 2. Zote zilikuwa na Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Ukiwasha, unangoja. Ukifungua Word, unangoja tena. Na umeme wetu ni wa jua: betri ikishuka, kazi imekwisha, hata kama bado uko katikati ya sentensi.

Sasa piga hesabu. Kijana amepewa saa moja. Dakika ishirini zinaliwa na kuwasha na kufungua programu. Na hiyo saa si ya mchezo. Kuna anayeandika barua ya kuomba DAFI, ile skolashipu ya wakimbizi inayolipiwa na Ujerumani kupitia UNHCR tangu 1992. Kuna anayeandika CV. Kuna anayejaza fomu ambayo leo usiku inafungwa. Dakika ishirini kwake ni kitu kikubwa kabisa.

Wengine walisema tungoje mashine mpya. Kungoja sisi watu wa kambi tunakujua vizuri, hatuhitaji kufundishwa. Tukaamua kujiuliza swali lingine: memori yote hii inaliwa na nini, kabla hata mtu hajaandika herufi moja?

Jibu ni kwamba sehemu kubwa inaliwa na mapambo. Kompyuta iko na ngazi. Chini kuna vyuma. Juu yake kuna sistemu inayoviendesha. Juu tena kuna programu inayochora kwenye skrini, halafu kuna moja inayoamua kila dirisha likae wapi, lipi liwe mbele na lipi liwe nyuma. Hiyo ya mwisho tunaiita msimamizi wa madirisha. Kwenye Windows, msimamizi huyo unapewa tu, hauchagui. Kwenye Linux unachagua mwenyewe. Kuna wakubwa wanaokuja na vivuli, picha zinazosogea, na programu kumi zinazojiwasha nyuma. Na kuna wadogo wanaofanya kazi moja tu: kupanga madirisha, basi.

Tuliangalia wawili wa hao wadogo. Wa kwanza anaitwa dwm, alitoka 2006, na waliomtengeneza walijiwekea sheria kwamba msimbo wake usizidi mistari 2000. Ni mwepesi sana. Lakini ukitaka kubadilisha kitu, inabidi uguse msimbo wenyewe wa lugha ya C, halafu uujenge upya. Kwa kijana anayeanza leo, huo ni mlima. Wa pili ni i3, aliyeanzishwa 2009 na Mjerumani Michael Stapelberg. Yeye anasoma faili moja ya maandishi ya kawaida. Ukibadilisha mstari, ukamwambia asome upya, amebadilika. Tukachukua i3.

Namna yake ya kufanya kazi ni rahisi kuelewa kwa mtu wa kambi. Dirisha la kwanza linachukua skrini yote. Ukifungua la pili, la kwanza linasogea, yanagawana nusu kwa nusu. La tatu likija, yote yanasogea tena. Hakuna dirisha linalolala juu ya mwenzake na kumficha. Ni kama nyumba zetu: mgeni akifika, watu wanabanana, kila mmoja anapata pa kukaa. Na wazo hili si geni. Hata Windows ya kwanza kabisa, ya 1985, ilipanga madirisha pembeni kwa pembeni bila kuyafunika.

Pakijaa, kuna vyumba vingine. i3 inakupa meza za kazi kwa namba, kuanzia 1. Sisi tumekubaliana hivi: meza ya 1 ni ya kuandika, ya 2 ni ya intaneti, ya 3 ni ya kusoma vitabu vya PDF. Kipanya kinabaki pembeni. Kazi karibu yote inafanywa na kitufe kimoja cha kuamuru, kile chenye alama ya Windows, pamoja na kitufe kingine. Kitufe hicho na Enter, inafunguka terminali. Kitufe hicho na D, inatokea sehemu nyembamba juu ya skrini, unaandika jina la programu na inafunguka. Kitufe hicho na F, dirisha linajaa skrini nzima. Kwa kuanza, hivyo vitatu vinatosha.

Kwa wanaotaka kujaribu, tunasema jinsi tulivyoweka. Tulishusha Debian 12 ya biti 32 mjini Muyinga, kule intaneti inapatikana vizuri kidogo, tukaiweka kwenye fleshi. Debian ni ya bure. (Watu wa huku wakisikia jina la Ubuntu, ambayo imetokana na Debian, wanacheka, sababu kwa Kirundi kitu cha bure wanasema ni cha ku buntu.) Angalieni jambo moja: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haiwekwi tena kwenye mashine za biti 32. Kama mashine yenu ni ya namna hiyo, bakini na ya 12. Wakati wa kuweka, usichague mazingira yoyote makubwa. Ikiisha, unaingia kama msimamizi na kuandika amri moja:

apt install xorg i3 lightdm

Halafu kuna jambo la kibodi, na hili maelezo mengi hayalisemi kwa sababu yameandikwa na watu wenye kibodi za Kiingereza. Sisi huku tuko na kibodi za Kifaransa, AZERTY. Kwenye hizo, namba zinataka Shift. Ukibonyeza kitufe cha 1 bila Shift, kompyuta haioni 1, inaona alama ya &. Kwa hiyo chagueni mpangilio wa Kifaransa mapema, Debian inapouliza wakati wa kuwekwa, kabla ya kuwasha i3 mara ya kwanza. Siku hiyo ya kwanza i3 inauliza kama ikuandikie faili ya mipangilio. Ukikubali, inaangalia kibodi uliyo nayo na kuandika vitufe kulingana nayo. Utabonyeza tu kitufe chenye 1, bila Shift, na meza ya 1 inafunguka. Kufunga dirisha, kwenye vitabu vya Kiingereza utasoma Shift na Q. Kwetu ni Shift na A, kwa sababu A yetu inakaa mahali pa Q yao. Mtu akijua hilo, hasumbuki tena.

Faili yenyewe inakaa kwenye folda ya kila mtumiaji, ndani ya .config/i3, na jina lake ni config tu. Sisi tuliongeza mistari kama hii:

# B ni barua: inafungua karatasi ya kuandikia
bindsym $mod+b exec libreoffice --writer

# I ni intaneti
bindsym $mod+i exec firefox-esr

Mstari unaoanza na alama ya # kompyuta haiusomi, ni maelezo ya binadamu. Hapo ndipo tunaandika Kiswahili chetu. Kila mstari wa amri uko na mstari wa Kiswahili juu yake, ili anayekuja kesho aelewe bila kumtafuta aliyeandika. Hatukuwa wa kwanza kufikiri hivyo. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Waliweza kwa sababu msimbo ulikuwa wazi kwa kila mtu. Hauwezi kutafsiri nyumba ambayo haukuruhusiwa kuingia.

Na ukiandika mstari vibaya? Mashine haifi. Inatokea alama nyekundu juu ya skrini inayosema kuna kosa, na inakupa kitufe cha kuonyesha kosa liko wapi. Unarekebisha, unabonyeza kitufe cha kuamuru pamoja na Shift na C, inasoma upya. Hili lilitusaidia sana kufundisha. Vijana wengi wanaogopa kompyuta kwa sababu waliambiwa “usiguse, utaharibu”. Hapa tunawaambia guseni, haribuni, rekebisheni.

Matokeo? Mashine zinawaka haraka, na chini ya skrini kuna mstari mdogo unaoonyesha saa na memori iliyobaki, na kwenye zile mbili za kubeba unaonyesha pia betri. Siku za mawingu, hiyo namba ya betri tunaiangalia kuliko kitu kingine. Lakini tusidanganyane. i3 inaondoa mzigo wa mapambo, haiongezi memori. Firefox bado ni mlafi. Kwenye gigabaiti 1 unafungua kurasa moja au mbili, ya tatu mashine inalia. Video, achana nayo. Kwa hiyo zile mbili zenye gigabaiti 2 tumezitenga kwa fomu za mtandaoni, na zile tano ni za kuandika na kusoma.

Kilichotushangaza ni nani aliyezoea haraka. Tulifikiri ni vijana waliosoma kompyuta mjini. Bana, hao ndio walioteseka, mkono unatafuta kipanya kila dakika. Aliyezoea haraka ni dada mmoja kutoka upande wa Fizi, mshonaji, ambaye hakuwahi kukaa mbele ya kompyuta. Kipanya kilikuwa kinamkimbia mkononi. Tulipomwonyesha B ya barua, alisema, “Kumbe ni kama cherehani, mguu unajua kazi yake na mkono unajua yake.” Siku ya tatu aliandika mwenyewe ukurasa mzima kuhusu kazi yake ya kushona, kwa Kiswahili na Kifaransa, madirisha mawili pembeni kwa pembeni. Sasa yeye ndiye anawaonyesha akina mama wengine.

Kuna wenzetu waliopinga, na hoja yao ni ya kweli. Walisema: “Ofisi za Muyinga na Bujumbura zinatumia Windows na Word. Mtafundisha vijana kitu ambacho hakuna mwajiri anakiuliza.” Tulikaa tukajadiliana mpaka usiku. Tulikubaliana mashine moja kati ya zile mbili zenye nguvu ibaki na mazingira ya kawaida pia, yenye menyu na picha ndogo ndogo, na kila anayejifunza apite pale kabla hajamaliza. Pia LibreOffice inafungua na kuhifadhi faili za Word. Lakini sisi tunaona kuna kitu zaidi. Aliyejifunza wapi pa kubofya, menyu ikibadilika amepotea. Aliyefungua faili akaona kwamba mstari huu ndio unafanya kile, huyo ukimpeleka kwenye sistemu yoyote atauliza: “Faili ya mipangilio iko wapi?” Huyo hapotei kirahisi.

Kwetu sisi, hilo lina uzito wake. Kambini vitu vingi tunapangiwa. Kiwanja umepangiwa, mgao umepangiwa, siku ya kupiga foleni umepangiwa. Hatusemi ni vibaya, watu ni wengi na utaratibu unatakiwa. Lakini kijana anayekua hivyo anaweza kufika miaka ishirini na kitu hajawahi kuamua chochote kikae wapi. Skrini ya inchi 15 ni sehemu ndogo sana ya kuanzia, lakini ni ya kweli. Umeamua B ni barua, na ni barua. Haujamwomba mtu ruhusa.

Na ni kitu kinachobebeka. Faili yetu ni nyepesi kuliko picha moja ya simu. Mwenzetu akipata safari, akihamishwa kambi nyingine, au akirudi nyumbani siku amani ikipatikana, anaweka ile faili kwenye fleshi. Popote atakapokuta kompyuta yenye i3 na kibodi kama zetu, ataiweka, na meza yake itakuwa vile alivyoiacha Kinama. Karatasi zako za kibinafsi tu usiziache kwenye mashine ya pamoja. Kila mmoja aingie kwa jina lake na neno lake la siri, na picha ya kitambulisho ukishaituma, ifute.

Kwa nyinyi wa mashirika, ombi letu ni dogo. Mashine za zamani zikitoka maofisini, msizitupe, lakini msitupatie pia zilizooza. Iliyo na gigabaiti 2 na kibodi nzima inatutosha kabisa. Memori ya kuongeza ni bei ndogo kuliko kompyuta mpya. Na mkileta mafunzo, yasiishie kwenye kubofya. Tufundisheni pia kufungua na kupanga.

Anayetaka faili yetu aje na fleshi, jumamosi kabla jua halijashuka. Aje pia na wazo la kitufe anachotaka kuongeza, tutaandika mstari wake pamoja.